Interchenji za zamani: foleni inazaliwa wapi hasa, na kwa nini kuongeza leni peke yake hakutoshi

Foleni ya kwenye interchenji wengi tunaisoma vibaya. Mtu akikwama pale anaona leni tatu zimejaa hadi pikipiki zinashindwa kupenya, anatoa hukumu hapohapo kwamba barabara ni nyembamba, waongeze leni, kesi imeisha. Sasa siku moja fungua ramani ya simu, ile inayoonyesha rangi za foleni, uiangalie barabara hiyohiyo saa za watu kutoka kazini. Mara nyingi utakuta kilomita 2 kabla ya makutano leni ni tatu na rangi ni nyekundu tupu, kilomita 2 baada ya makutano leni ni tatu zilezile na rangi ni kijani, watu wanateleza tu. Ingekuwa tatizo ni upana basi na huko mbele wangeganda. Kinachokwamisha ni kipande kifupi cha katikati, mita mia chache hivi, ambapo kila dereva anaitaka leni ambayo muda huohuo kuna mwenzake ameshaikalia.

Ukishalielewa hilo, mambo mengi ya interchenji yanaanza kueleweka, pamoja na kwa nini kuikarabati ya zamani ni ghali kiasi kile na kwa nini wakati mwingine wanamaliza kujenga na wiki ya pili foleni imerudi.

Kwanza tuweke sawa kitu kimoja maana watu wanachanganya flaiova na interchenji. Flaiova ni daraja linalopitisha barabara moja juu ya nyingine, basi. Interchenji ni hilo daraja pamoja na rampu zote za kukutoa barabara hii kukuingiza ile, na zikiwa ni barabara kuu mbili hukutani na mataa wala trafiki. Kwa hiyo ina kazi mbili: wanaonyoosha wanyooshe, na wanaogeuka wageuke. Kunyoosha ni rahisi, daraja moja linamaliza. Kugeuka upande wako wa karibu nako ni rahisi, unachepuka tu. Shida yote iko kwenye kona ngumu, ile ya kukatiza mbele ya wanaokuja, ambayo kwa nchi zinazoendesha kushoto ni kukata kulia na kwa zinazoendesha kulia ni kukata kushoto. Barabara mbili zikikutana kona ngumu ziko nne, na namna utakavyozitatua hizo nne ndo inaamua gharama, ukubwa wa eneo, spidi, na aina ya foleni utakayowaachia wajukuu.

Jibu la kwanza lililopendwa duniani lilikuwa interchenji ya klova, ile ambayo ukiiona kutoka angani ina petali nne. Mhandisi mmoja wa Maryland, Marekani, Arthur Hale, alipewa hataza ya wazo hilo mwaka 1916, na ya kwanza nchini humo ikajengwa Woodbridge, New Jersey, mwaka 1929. Ujanja wake ni mzuri kweli: badala ya kukatiza mbele ya wanaokuja, unavuka daraja kwanza, halafu unachepuka na kuzunguka petali robo tatu ya duara, unatokea kwenye barabara ya pili ukiwa umeelekea unakotaka. Daraja ni moja tu, hakuna taa hata moja, hakuna anayesimama. Kwa pesa ya daraja moja umepata kona zote nne, nani angekataa. Ndo maana zikajengwa kila mahali, hasa Marekani baada ya sheria ya mwaka 1956 iliyoanzisha mtandao wao mkubwa wa barabara kuu. Stockholm nako walikuwa nayo ndogo pale Slussen tangu 1935, na kwa vile petali zake zilikuwa zinalingana pande zote, Sweden ilipohama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia mwaka 1967 Slussen ikaendelea na kazi karibu bila kubadilishwa, magari yakageuza tu mwelekeo. Hii mimi huwa naona ni moja ya stori nzuri kabisa za uhandisi.

Sasa ubaya wake. Simama kwa akili kwenye kipande kilichoko katikati ya petali mbili zinazofuatana, upande mmoja wa barabara kuu. Petali ya kwanza inaingiza magari, petali ya pili, mita 150 au 200 mbele, inatoa magari. Anayeingia ametoka kwenye kona kali, yuko spidi 40 na anataka afike 80 au 100 haraka, halafu anataka kuhamia kwenye leni za ndani. Anayetoka yuko spidi 100, anataka ashuke hadi 40 kabla ya kona, na anahamia leni ya nje. Wote wawili wanahitaji kipande kilekile, kwa sekunde zilezile, mmoja anakanyaga mafuta mwingine anakanyaga breki, na njia zao zinakatizana kama mkasi. Kwa spidi ya wastani ya 60 mita 200 unazimaliza kwa sekunde 12. Ndani ya sekunde 12 uangalie kioo, uweke indiketa, utafute upenyo, umsome yule wa pembeni kama ni mtu wa kukupa nafasi au ni wale wa kuziba, uhame, na bado uwe umerekebisha spidi.

Wakati jiji ni dogo hilo halina shida. Leni ikiwa inapitisha magari 600 kwa saa, wastani kati ya gari na gari ni sekunde 6, unaingia huku unapiga mluzi. Jiji likikua leni ileile ikafika magari 1,800 kwa saa wastani unakuwa sekunde 2, na sekunde 2 sio upenyo, ni kuchomekea. Na ukichomekea wa nyuma yako lazima aguse breki. Wahandisi wa Marekani wana kipimo cha siku nyingi kwenye vitabu vyao vya usanifu kwamba petali mbili zinazofuatana zikishafika jumla ya magari kama 1,000 kwa saa, usumbufu unapanda kwa kasi. Elfu moja kwa petali mbili, fikiria, hiyo ni nusu tu au chini ya nusu ya magari ambayo leni moja ya barabara kuu inaweza kupitisha ikiwa imetulia. Kwa hiyo interchenji inaweza kufa huku barabara yenyewe bado ina nafasi kibao.

Na kile kibreki kimoja sio kidogo. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya jaribio ambalo ukilitazama linachekesha: magari 22 kwenye duara lenye mzunguko wa mita 230, madereva wameambiwa waendeshe kama spidi 30 na wafuatane vizuri. Hakuna taa, hakuna rampu, hakuna ajali. Baada ya muda foleni ikajitengeneza yenyewe, wengine wanasimama kabisa, na hilo fundo likawa linarudi nyuma kinyume na mwendo wa magari kwa spidi ya kama kilomita 20 kwa saa. Yani mtu mmoja kapunguza kidogo, wa nyuma kapunguza zaidi kidogo, wa tatu zaidi, na wa kumi kasimama. Sasa kama duara tupu linatoa foleni, we weka na petali mbili zinazokatizana saa 11 jioni uone.

Halafu kuna kitu ambacho madereva hatukioni lakini kinauma kuliko vyote. Leni ya barabara kuu ikiwa inatiririka inaweza kupitisha magari 2,000 hadi 2,400 kwa saa. Ikishavunjika, yani magari yakishaanza kusimama na kuondoka, leni hiyo haipitishi tena kiasi kilekile, inapoteza asilimia kadhaa, mara nyingi kati ya 5 na 15 hivi, kwa sababu kila anayeondoka kutoka kusimama anachelewa kidogo na anaacha nafasi mbele. Maana yake barabara inapunguza uwezo wake muda uleule ambao watu wengi zaidi wanauhitaji. Foleni ikishaanza saa 10 na nusu, hata magari yakipungua saa 12, bado inachukua muda kuisha.

Kukatizana sio ugonjwa pekee. Interchenji za miaka ya 50 na 60 zina mengine mengi, na mengi yanatokana na kwamba waliozisanifu walikuwa wanafikiria magari machache na mwendo wa pole. Rampu ni fupi, unatokea barabara kuu ukiwa na spidi 50 na leni ya kuingilia imeshaisha. Petali ni ndogo mno, na kuipanua sio mchezo kwa sababu nusu kipenyo cha kona kinakua kwa mraba wa spidi: ukitaka petali ya spidi 40 iwe ya spidi 60, nusu kipenyo kinaongezeka zaidi ya mara mbili na eneo linafika kama mara tano, na hilo eneo pembeni jiji limeshalijenga. Malori yenye mizigo mirefu yanaanguka kwenye hizo kona, hiyo inajulikana. Madaraja mengine ni ya chini kwa malori ya siku hizi, na bega la barabara hakuna, kwa hiyo gari moja likizima leni moja imekufa.

Ila mimi ukiniuliza kosa baya kuliko yote ya zamani nitakwambia ni ile rampu inayotokea upande wa leni ya mwendo kasi. Walifanya hivyo kubana eneo na kupunguza madaraja. Matokeo yake dereva wa lori, ambaye maisha yake yote yuko leni ya taratibu, inabidi akatize leni tatu ili atoke, na mgeni ambaye hajui anashtuka dakika ya mwisho na kupiga kona ya kifo. Interchenji ya Marquette pale Milwaukee, Marekani, iliyofunguliwa 1968, ilikuwa na rampu za namna hiyo, na walipoijenga upya kati ya 2004 na 2008 kwa kama dola milioni 810 moja ya kazi kubwa ilikuwa kuzihamishia upande unaostahili. Hiyo ni pesa nyingi ambayo hainunui leni hata moja mpya ya kujivunia, inanunua utulivu.

Sasa dawa. Zipo za bei rahisi na zipo za bei mbaya, na kawaida wanasiasa wanapenda za bei mbaya kwa sababu zinapigika picha.

Ya rahisi kabisa ni rangi na lami kidogo: kurefusha leni ya kuingilia, kuongeza leni ya ziada inayounganisha rampu ya kuingia na rampu ya kutoka, kuweka mabango mapema ili watu wachague leni kilomita nzima kabla. Halafu kuna taa za rampu, ambazo watu wanazichukia balaa. Ni taa ndogo mwishoni mwa rampu inayoruhusu gari moja moja kuingia barabara kuu badala ya kundi la magari 15 kuvamia kwa pamoja. Anayesubiri pale anaona anaonewa, barabara iko wazi mbele yake na taa ni nyekundu. Jimbo la Minnesota, Marekani, walichoka nazo, mwaka 2000 bunge la jimbo likaagiza zizimwe eneo la Minneapolis na St. Paul, zaidi ya 400, ili wapime. Wakazizima wiki kadhaa. Matokeo: magari yanayopita barabara kuu yakapungua asilimia 9, muda wa safari ukaongezeka asilimia 22, ajali zikaongezeka asilimia 26. Wakaziwasha tena, zikiwa chache na za kusubirisha muda mfupi zaidi. Yani wingi wa magari yanayopita ulipungua baada ya kuwaachia watu waingie wanavyotaka, na ukikumbuka lile la leni iliyovunjika kupoteza uwezo haikushangazi hata kidogo.

Dawa ya kati ni kuhamisha ule ugomvi uende pembeni. Unajenga barabara nyembamba sambamba na ile kuu, imetengwa kwa ukuta wa zege, petali zote zinaingia na kutokea huko. Kukatizana kunabaki, ila kunafanyika pembeni kwa spidi ndogo, na anayenyoosha kwenda mkoani hana habari nao. Dawa ya juu kidogo ni kung'oa petali mbili, zile zenye magari mengi zaidi, na kuweka rampu ndefu ya juu inayopinda kwa upole badala yake. Hii mimi naiona ndo akili kubwa kwa interchenji nyingi za zamani kwa sababu kona nne ngumu huwa hazilingani. Karibu kila mara kuna moja au mbili ambazo asubuhi na jioni ndo zinabeba jiji, na nyingine mbili ziko tupu. Ukizing'oa petali mbili za kukaa kona kwa kona hakuna tena petali zinazofuatana upande mmoja, kwa hiyo kipande cha kukatizana kimekufa kabisa, na umejenga rampu mbili tu badala ya kuvunja kila kitu.

Pale ambapo barabara kuu inakutana na barabara ya kawaida ya mjini, sio kuu mbili, kuna dawa moja ambayo ukielezwa mara ya kwanza unaona ni wazimu. Magari ya barabara ya mjini yakikaribia daraja yanakatizana kwenye mataa na kuhamia upande usio wake, yanavuka daraja yakiwa upande huo, halafu yanakatizana tena na kurudi. Faida ni kwamba ukiwa umeshahamia upande wa pili, ile kona ngumu ya kuingia barabara kuu inakuwa kona rahisi, humkatizi mtu. Mataa yanabaki na zamu mbili tu badala ya tatu au nne, na muda uliokuwa unaliwa na zamu za kugeuka unarudi kwa watu. Ufaransa walikuwa nazo tangu miaka ya 70, pale Versailles mojawapo, na Marekani ya kwanza ilifunguliwa Springfield, Missouri, mwaka 2009, halafu zikasambaa. Mara nyingi daraja la zamani linabaki lilelile, ndo uzuri wake, kinachobadilika ni rangi, taa na kingo. Watu wanaogopa madereva watapotea, ila kona zimepindishwa hivi kwamba unafuata tu lami inakokupeleka, kupotea unahitaji juhudi.

Na juu kabisa kuna interchenji ya ghorofa. Kila kona ngumu ina daraja lake, hakuna petali, hakuna kukatizana, unageuka karibu na spidi ileile uliyokuja nayo. Ya kwanza duniani ni ile ya ngazi nne ya Los Angeles, iliyokamilika kutumika mwaka 1953, na jijini humohumo mwaka 1993 wakafungua ya Judge Harry Pregerson ambayo ina ngazi tano. Ni nzuri sana, ila ukiangalia nguzo zile na urefu ule unaelewa pesa imeenda wapi, na majirani wanaishi na kelele na kivuli cha zege milele. Kuijenga mahali ambapo kona mbili kati ya nne hazina magari ni ufujaji.

Kwenye ujenzi ndo patamu, maana hapa ndo watu wanauliza mbona inachukua miaka mitano. Kujenga interchenji mpya porini ni kazi ya kawaida. Kuijenga upya ile inayopitisha magari laki kadhaa kila siku, bila kuifunga, ni kazi nyingine kabisa. Huwezi kuvunja daraja la zamani mpaka la pembeni liwe tayari, na la pembeni halina pa kukaa mpaka rampu fulani ihamishwe, na rampu haihami mpaka bomba kubwa la maji lililopita chini yake lihamishwe, na la maji likisogezwa linakutana na nyaya za umeme na mkongo wa intaneti, ambazo ramani zake ni za mwaka 1962 na hazikubaliani na kilichoko ardhini. Halafu fidia. Nyumba nne zikiwa na kesi mahakamani zinaweza kuzuia nguzo moja, na nguzo moja inazuia daraja zima. Mihimili mikubwa inapandishwa usiku kwa winchi, barabara imefungwa saa nne za usiku hadi alfajiri, kila usiku muhimili mmoja au miwili. Ile ya Springfield nyingine, ya Virginia nje kidogo ya Washington, ilijengwa upya kuanzia 1999 hadi 2007 kwa kama dola milioni 676 na madaraja kama 50, magari yakiendelea kupita muda wote. Kubwa walilofanya pale ni kuwatenganisha wa safari ndefu na wa mizunguko ya mtaani, ambao zamani walikuwa wanakatizana wote pamoja.

Linganisha na Atlanta. Machi 30, 2017 moto uliwaka chini ya daraja la barabara kuu ya I-85, kipande kikaanguka. Katikati ya Mei, wiki 6 na kitu baadaye, magari yakapita tena. Watu wakaitumia kama fimbo, kwamba mbona hawa wameweza. Wameweza kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa kabisa pale, usanifu ulikuwa karibu uleule wa zamani, eneo ni lao tayari, hakuna kesi ya mtu, na mkandarasi aliahidiwa bonasi akimaliza mapema. Ondoa hayo na wewe unarudi kwenye miaka yako mitano. Ingawa lile la bonasi lingetumika zaidi, sioni ubaya.

Haya, tuseme imeisha, utepe umekatwa. Foleni itapungua? Jibu la kweli ni kwamba inategemea kilichoko mbele. Chukua mfano wa kufikirika: zamani interchenji ilikuwa inakamua magari 3,000 kwa saa kuelekea mjini, sasa inapitisha 5,000, na kilomita 3 mbele barabara inaishia kwenye mataa yanayoweza kumeza 3,200. Wale 1,800 waliobaki hawajaenda popote, wamehama tu kutoka foleni ya juu kwenda foleni ya chini, na foleni ya chini ikijaa inarudi nyuma kidogo kidogo mpaka inafika kwenye interchenji mpya. Hapo mtu anasema interchenji imeshindwa. Haijashindwa, imefanya kazi yake vizuri kupita uwezo wa mataa. Mradi wa interchenji unaokuja bila hesabu ya makutano mawili matatu yanayofuata, pande zote, ni wa kuutilia shaka hata kabla hujauliza bei.

La pili ni watu wenyewe. Barabara ikiwa nyepesi, aliyekuwa anatoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni anarudi kutoka saa moja, aliyekuwa anapita njia za panya anarudi barabara kuu, aliyekuwa anapanda basi anawasha gari, na baada ya miaka michache mwenye shamba kilomita 30 nje ya jiji ameligawa viwanja kwa sababu sasa mjini ni karibu. Mchumi Anthony Downs aliliandika hili mwaka 1962, na mwaka 2011 Gilles Duranton na Matthew Turner wakaonyesha kwa takwimu za miji ya Marekani kwamba kilomita zinazoendeshwa zinaongezeka karibu sawasawa na kilomita za leni zinazoongezwa. Mfano unaotajwa kila siku ni Katy Freeway ya Houston, iliyopanuliwa hadi 2008 ikafika leni 26 sehemu fulani ukihesabu na zile za huduma pembeni, na kati ya 2011 na 2014 muda wa safari za jioni ukapanda kwa zaidi ya nusu. Leni 26, jamani.

Wapo wanaochukua hayo na kusema basi tusirekebishe chochote. Siwaungi mkono. Leni mpya ndefu na fundo lililofunguliwa ni vitu viwili tofauti. Kuondoa rampu ya upande wa mwendo kasi, kurefusha sehemu ya kuingilia, kuua kipande cha kukatizana, hivyo vinapunguza ajali hata kama magari yataongezeka, na ajali zenyewe ni chanzo kikubwa cha zile foleni za ghafla ambazo huwezi kuzipangia. Ila ukitaka nafuu idumu lazima kuwe na kitu kinachowashika watu wasirudi wote kwa mkupuo: leni ya mabasi inayopita kwenye hiyohiyo interchenji na ambayo haikwami, au bei ya kuingia katikati ya jiji saa za foleni. Stockholm walijaribu hiyo bei Januari hadi Julai 2006, magari yanayoingia na kutoka katikati yakapungua kama asilimia 20, jaribio lilipoisha mengi yakarudi, na 2007 wakaiweka moja kwa moja. Na wapo waliofika mbali zaidi wakavunja kabisa, kama San Francisco walioondoa barabara ya juu ya Embarcadero baada ya tetemeko la 1989, ila hiyo inawezekana pale ambapo magari yana njia nyingine za kupita.

Wakati mnasubiri hiyo miaka mitano kuna jambo moja la bure ambalo halihitaji mkandarasi. Leni inapoisha, au rampu inapoungana na barabara kuu kwenye foleni nzito, watu wengi wanajibana mapema kwenye leni moja na kuiacha nyingine tupu, halafu anayepita kwenye ile tupu hadi mwisho anaonekana mhuni na wanamzibia. Kwa foleni nzito yuko sahihi yeye. Leni zote mbili zitumike hadi mwisho, halafu pale mwisho mnaingia kwa zamu, mmoja wa huku mmoja wa kule: mkia wa foleni unakuwa mfupi, haufiki kuziba makutano ya nyuma, na mahali pa kukatizana panabaki pamoja badala ya kutawanyika mita 500 nzima. Ujerumani hili, kwa leni inayoisha, limo kwenye sheria yao ya barabarani. Masharti ni mawili tu, spidi iwe ya chini pande zote mbili, na kila mmoja aachie gari moja, sio matatu na sio sifuri.